Waislamu Wafanyakazi katika Miji ya Kaskazini ya Mbali ya Urusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wengi wa Kiswahili hushangaa wanaposikia kwamba kuna adhana inayosomwa katika miji ambayo jua halichomozi kwa wiki kadhaa za mwaka. Majibu yaliyomo hapa yanahusu zaidi Urusi, kwa kuwa huko ndiko Waislamu walikofika kwa wingi kutafuta kazi na kuibadilisha sura ya miji. Kanada na Norwei zimeguswa kwa ufupi tu.

Miji inayozungumziwa ni ipi?

Mingi ni miji iliyojengwa au kukuzwa kwa ajili ya madini, mafuta na gesi. Norilsk, uliopo karibu na latitudo ya nyuzi 69 Kaskazini, ulianzishwa mwaka 1935 kwa sababu ya nikeli na shaba, na hadi mwaka 1956 sehemu kubwa ya migodi na viwanda vyake ilijengwa na wafungwa wa kambi ya Norillag. Hauna barabara wala reli inayouunganisha na Urusi nyingine: watu huingia kwa ndege, na mizigo mizito hupitia bandari ya Dudinka kwenye mto Yenisei. Novy Urengoy ulianza mwaka 1975, miaka tisa baada ya kugunduliwa kwa hazina ya gesi ya Urengoy. Surgut uko kusini zaidi, nje ya Duara la Aktiki (mstari ambao kaskazini yake zipo siku jua halichomozi kabisa), lakini sheria za kazi za Urusi huuhesabu pamoja na maeneo ya kaskazini yanayostahili marupurupu. Murmansk, wenye wakazi wapatao 270,000, ndio mkubwa kuliko yote iliyo ndani ya Duara la Aktiki.

Waislamu wa kwanza walifikaje huko?

Hapa pana dhana potofu inayofaa kuondolewa mapema, nayo ni kwamba Uislamu uliingia Siberia pamoja na vibarua wa miaka ya karibuni. Watatari wa Siberia walikuwa na dola yao ya Kiislamu, yaani Ukhani wa Sibir, kabla ya majeshi ya Urusi kuuteka mwishoni mwa karne ya 16, na jina lenyewe la Siberia linahusishwa na dola hiyo. Makazi yao, hata hivyo, yalikuwa kusini, pande za Tobolsk na Tyumen. Huko tundra, yaani nyika baridi ya kaskazini isiyo na miti, wenyeji walikuwa Wanenets, Wakhanti, Wadolgani na Wanganasani, ambao hawakuwa Waislamu.

Wimbi la Waislamu lililoingia kwenye miji ya viwanda ni la wakati wa Kisovieti. Mafuta yalipopatikana Siberia ya Magharibi, serikali ilihitaji watu waliokwisha kuizoea kazi hiyo, na watu hao walikuwa Tatarstan, Bashkiria na Baku, mji mkuu wa Azerbaijan. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Farman Salmanov, mwanajiolojia Mwazeri ambaye mwaka 1957 alihamishia kikosi chake Surgut bila idhini ya wakubwa wake, akiamini kwamba mafuta yapo. Mwaka 1961 kisima cha Megion kilimthibitishia. Kiwanja cha ndege cha Surgut leo kina jina lake. Kwa hiyo mtu anayeshuka Surgut na kumwona Mwazeri sokoni kisha akamdhania mgeni wa jana, amepita chini ya jina la Mwazeri kabla hajalichukua begi lake.

Takwimu za sensa ya mwaka 2010 zinauonyesha urithi huo waziwazi. Katika jimbo la Yamalo-Nenets, ambalo limepewa jina la Wanenets, Wanenets wenyewe walikuwa takriban asilimia 6 ya wakazi, na Watatari walikuwa karibu sawa nao. Waazeri na Wabashkiri walifuata, kila kundi likikaribia asilimia 2.

Kwa nini mtu akubali kuishi kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri?

Kwa sababu ya ujira. Sheria ya kazi ya Urusi inaweka kizidishio cha mshahara kwa kila eneo la kaskazini, na juu yake inaweka nyongeza inayokua kadiri mtu anavyokaa. Huko Norilsk kizidishio ni 1.8, na nyongeza ya ukaazi inaweza kufika asilimia 80 ya mshahara wa msingi. Mwenye msingi wa rubo 100 anaweza hatimaye kupokea 260. Zipo pia siku 24 za likizo za ziada kila mwaka, nauli ya likizo inayolipwa na mwajiri kila baada ya miaka miwili, na haki ya kustaafu miaka mitano kabla ya wengine.

Lakini haki hizo ni za mwenye mkataba rasmi. Kibarua wa Kitajiki aliyechukuliwa na mkandarasi mdogo ili apige lipu au azoe theluji kwenye mapaa mara nyingi hulipwa kwa mapatano ya mdomo, na kizidishio cha kaskazini hakimfikii. Hata hivyo, hupeleka nyumbani zaidi ya ambavyo angepata Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan. Kuna miaka ambapo fedha zilizotumwa Tajikistan na wahamiaji, takriban zote zikitoka Urusi, zililingana na karibu nusu ya pato la taifa, kiwango ambacho ni nchi chache duniani zimewahi kukifikia. Rubo inapoanguka, kama ilivyoanguka mwishoni mwa mwaka 2014, maumivu yake huonekana vijijini Khatlon, mkoa wa Tajikistan, ndani ya mwezi huohuo.

Mbona idadi yao iliongezeka ilhali miji yenyewe ilikuwa ikipoteza watu?

Baada ya mwaka 1991 serikali iliacha kuibeba miji ya kaskazini kama ilivyokuwa ikifanya, na familia nyingi za Kirusi na Kiukreni zikarudi kusini. Murmansk ulikuwa na watu wapatao 468,000 mwaka 1989. Kati ya hao na wakazi wa leo kuna pengo la karibu laki mbili. Kuondoka huko hakukuondoa kazi zote. Mabasi yalihitaji madereva, masoko wachuuzi, majengo mafundi, na visima vya gesi viliendelea kutoa gesi. Nafasi hizo zilijazwa kwanza na Waazeri na watu wa Kaukazi ya Kaskazini, eneo la milima kusini mwa Urusi, hasa Wadagestani, Wachecheni na Waingushi waliozikimbia vita na ukosefu wa kazi, kisha na Watajiki, Wauzbeki na Wakirgizi.

Sehemu nyingine ya jibu ni mfumo wa zamu ndefu, ambao wafanyakazi wa huko huuita *vakhta*: mtu huletwa kambini kwa mwezi mmoja au miwili, hufanya kazi saa 11 au 12 kwa siku, kisha hurudishwa kwao kupumzika. Mradi wa gesi ya kimiminika wa Sabetta, kwenye rasi ya Yamal, uliosafirisha shehena yake ya kwanza Disemba 2017, ulijengwa kwa mfumo huo. Mfanyakazi wa zamu hahesabiki kama mkazi, haonekani kwenye sensa ya mji, lakini Ijumaa akiwa Novy Urengoy akisubiri treni au ndege, yumo msikitini.

Sala na saumu hufanywaje mahali pasipo na macheo wala machweo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Tuanze na Surgut, ambako jua lipo lakini halina subira. Mwishoni mwa Disemba hupanda juu ya upeo kwa saa tano na nusu hivi. Adhuhuri huingia baada tu ya saa sita, na magharibi huingia kabla ya saa tisa, wakati ambao Mombasa au Unguja alasiri yenyewe bado haijaadhiniwa. Fundi wa bomba anayepewa mapumziko mamoja ya chakula anakuta sala tatu zimejikusanya ndani ya saa tatu. Wengi husali adhuhuri mwishoni mwa wakati wake na alasiri mwanzoni mwa wakati wake, ili kutandika mswala mara moja. Aliye safarini kwa hukumu za kisheria hukusanya na kupunguza. Mwezi Juni tatizo hugeuka: usiku haupati giza kamili, na alama za angani zinazotenganisha isha na alfajiri hazionekani.

Norilsk hali ni nzito zaidi. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na wakati wa kiangazi halitui kwa zaidi ya miezi miwili. Wanazuoni huanzia kwenye hadithi iliyopokewa na Muslim kuhusu Dajali, ambamo Mtume alieleza kwamba itakuwapo siku iliyo ndefu kama mwaka. Masahaba wakauliza kama sala za siku moja zitawatosha, naye akajibu kwamba hazitoshi, bali wakadirie. Kutokana na neno hilo la kukadiria zimepatikana njia kuu mbili: kufuata ratiba ya mji wa karibu ambao usiku na mchana vinatofautika, au kufuata saa za Makka. Jamaa ya Waislamu wa Tromsø, Norwei, imekuwa ikitumia saa za Makka katika majira hayo. Huko Urusi kalenda zinazochapishwa na mabaraza ya Kiislamu ndizo hubandikwa ukutani, na mfanyakazi aliyetoka kisima kimoja hadi kingine huenda akakuta kalenda mbili zisizokubaliana.

Kwa maoni yangu, ugumu wa fikihi hapa ni mdogo kuliko ugumu wa zamu. Fatwa ipo, ruhusa ya msimamizi ya kutoka dakika kumi kwenye mtambo wa kuchimbia ndiyo isiyopatikana kila mara.

Msikiti wa Norilsk una nini cha pekee?

Unaitwa Nurd-Kamal, ulifunguliwa mwaka 1998, na kwa miaka mingi umetajwa kuwa msikiti ulio kaskazini zaidi duniani. Uligharimiwa na mfanyabiashara Mtatari mwenye asili ya mji huo, Mukhtad Bekmeyev, na jina la msikiti linatokana na majina ya wazazi wa Bekmeyev. Umesimama juu ya nguzo, kama majengo mengine ya mji, kwa sababu ardhi ya chini imeganda kudumu na joto la jengo likiifikia huiyeyusha, nyumba ikaanza kuzama. Mnara wake una pembe nne, si wa mviringo kama minara mingi ya Kitatari, ili uhimili hali ya hewa ya huko. Anayesali ndani yake huelekea kusini-magharibi.

Usifikiri kwamba kila mji una msikiti wa namna hiyo. Kwenye kambi za zamu sala ya jamaa husaliwa katika chumba cha bweni, au ndani ya *balok*, vibanda vya mabati na mbao vinavyofanana na behewa ambavyo ndivyo vilivyokuwa nyumba za kwanza za Novy Urengoy. Chumba cha watu wanane hupokea ishirini; makoti mazito hurundikwa kitandani, mabuti hupangwa ukumbini yakichuruzika theluji, na aliyechelewa husali mlangoni.

Je, Wahanafi, Washafii na Mashia husali pamoja?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, kwa kuwa mara nyingi pana msikiti mmoja tu. Watatari, Wabashkiri, Watajiki, Wauzbeki na Wakirgizi kwa kawaida ni Wahanafi. Wadagestani, Wachecheni na Waingushi wengi ni Washafii, madhehebu yaleyale ya pwani ya Afrika Mashariki, hivyo Mswahili akipanga safu nao angezitambua sala zao: mikono inayoinuliwa wakati wa kurukuu, *amina* ya sauti, na kunuti katika sala ya alfajiri. Waazeri wengi ni Mashia, ingawa miongoni mwa waliokulia enzi za Kisovieti wapo wasioitilia maanani tofauti hiyo.

Mivutano huzuka juu ya nani awe imamu na nani asikilizwe. Miaka ya 1990 misikiti na jumuiya ziliongozwa na Watatari wazee, walioihesabu dini kuwa sehemu ya mila: maulidi, khitima, chakula cha pamoja. Vijana wa Kaukazi waliokuja baadaye walikuwa na elimu nyingine na haraka nyingine. Juu ya hayo, Urusi ina mabaraza makuu yanayoshindana, lile la Ufa linaloongozwa na Talgat Tadzhuddin na lile la Moscow linaloongozwa na Ravil Gainutdin, na jumuiya ya mji mdogo hulazimika kuchagua upande.

Jambo moja limewaunganisha bila kupangwa: lugha. Mtajiki hamwelewi Mcheceni, wala Mkirgizi hamwelewi Mdagestani, ambaye kwao kuna lugha zaidi ya thelathini. Hotuba ya Ijumaa kwa hiyo hutolewa kwa Kirusi, ukiacha aya na dua za Kiarabu. Umezaliwa hivyo Uislamu wa mjini unaozungumza Kirusi, ambao si wa Kazan ya Watatari wala wa Derbent ya Wadagestani wala wa Osh ya Wakirgizi, na watoto wake hawana msikiti mwingine wanaoukumbuka.

Katika miji hii nani huhesabiwa kuwa mwenyeji?

Norilsk swali hili lina jibu la ajabu kidogo. Mji uliojengwa na wafungwa kisha ukakaliwa na waajiriwa hauna ukoo wa Kirusi unaoweza kusema umeishi pale karne tatu. Wakazi huita sehemu nyingine ya Urusi "bara", na heshima hupimwa kwa idadi ya majira ya baridi ambayo mtu ameyavumilia. Mwazeri mwenye miaka thelathini mgodini ni mtu wa kaskazini, na Mrusi aliyeshuka jana kutoka Moscow ni mgeni. Watoto wa Kiazeri waliozaliwa pale huongea Kirusi wao kwa wao, hupelekwa Ganja au Lankaran, miji ya Azerbaijan, wakati wa likizo, na huko jamaa zao huwacheka kwa lafudhi.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba kaskazini ubaguzi haupo. Tangazo la nyumba ya kupanga lenye masharti ya "Waslavi pekee" linajulikana Urusi nzima. Uzoefu wa miaka humfaa mtu kazini na kwa majirani, lakini askari anayekagua hati stesheni hutazama uso kwanza. Kadhalika, kauli kwamba "huku sote ni wageni" hupendeza masikioni mwa wahamiaji na Warusi pia, ila inawafuta Wanenets na Wadolgani, ambao malisho ya kulungu wao wa kufugwa yamekatwa na mabomba ya gesi.

Yakutsk, mji mkuu wa Yakutia, unaonyesha upande huo mwingine. Jamhuri ya Yakutia ina wenyeji wengi, Wasakha, ambao ni karibu nusu ya wakazi au zaidi. Machi 2019, baada ya uhalifu wa ubakaji uliohusishwa na wahamiaji kutoka Kirgizstan, maelfu ya watu walikusanyika uwanjani, wachuuzi wakafunga vibanda, na kiongozi wa jamhuri, Aisen Nikolaev, akatia saini amri ya kuwazuia wageni wenye hati za kufanyia kazi wasiajiriwe katika sekta nyingi. Kosa la wachache lililipiwa na waliokuwa wakiendesha mabasi.

Makaratasi yakoje?

Yanatofautiana kwa pasipoti, na hilo ndilo linalowagawa Waislamu wenyewe katika matabaka. Mtatari, Mdagestani au Mcheceni ni raia na huajiriwa kama raia. Mkirgizi, tangu nchi yake ijiunge na Umoja wa Kiuchumi wa Yurasia mwaka 2015, hahitaji kibali cha kazi. Mtajiki na Muuzbeki huingia bila viza lakini lazima wanunue hati iitwayo *patent*, wailipie kila mwezi, wafanye mtihani wa lugha, historia na sheria za Urusi, na wafanye kazi ndani ya jimbo lililotoa hati hiyo. Tofauti na kafala ya nchi za Ghuba, *patent* haimfungi mtu kwa mwajiri mmoja; humfunga kwa jimbo na kwa malipo yasiyosubiri mshahara.

Norilsk una kizuizi cha ziada: tangu mwisho wa mwaka 2001 wageni hawaingii bila kibali maalumu. Matokeo yake ni kwamba waliobaki wengi wametafuta uraia, na nafasi za wapya zimechukuliwa kwa urahisi zaidi na Wadagestani.

Baada ya shambulio la ukumbi wa Crocus, karibu na Moscow, Machi 2024, ambalo washtakiwa wake wakuu walikuwa Watajiki, mambo yalikazwa. Majimbo mengi yaliwazuia wenye *patent* wasiendeshe teksi, na misako ikaongezeka, baadhi yake misikitini. Uraia nao umekuja na mzigo: tangu mwaka 2024 aliyeupata kwa kuomba anaweza kunyang'anywa asipojiandikisha jeshini.

Wanawake wako wapi katika habari hii?

Wapo wengi kuliko picha za magazeti zinavyoonyesha. Miongoni mwa Wakirgizi wanawake ni sehemu kubwa ya wahamiaji. Huuza dukani, hupika kwenye kantini, hufanya usafi hospitalini. Miongoni mwa Watajiki wanaume ndio wengi, na mke hubaki kijijini na wakwe, akiendesha shamba kwa fedha zinazofika au zisizofika.

Mtu akifariki huko, huzikwaje?

Familia nyingi hupenda maiti irudishwe kwao. Kutoka mji usio na barabara hilo maana yake ni sanduku la zinki, vibali, na ndege zaidi ya moja, na gharama hiyo hulipwa kwa mchango unaopitishwa msikitini na kwenye simu za watu wa kijiji kimoja. Wanaozikwa palepale huchimbiwa kaburi kwenye ardhi iliyoganda, ambayo wakati wa baridi haichimbiki mpaka ipashwe moto au ipasuliwe kwa mashine. Agizo la kuharakisha maziko hutekelezwa kadiri ardhi inavyoruhusu.

Je, hali ni hiyohiyo Kanada na Norwei?

Hapana, kwa sababu jumuiya ni ndogo na njia za kufika ni nyingine. Inuvik, mji wa Kanada wenye watu wapatao 3,000, ulipata msikiti mwaka 2010 uliojengwa Winnipeg kisha ukasafirishwa kilomita zipatazo 4,000 kwa lori na tishari. Iqaluit uliufuata mwaka 2016. Norwei huwagawa wakimbizi katika halmashauri zake, zikiwamo za kaskazini, na ndiyo sababu Wasomali na Wakongo wanaosema Kiswahili, wengi wa hao wa mwisho wakiwa Wakristo, wanapatikana katika miji ambayo hawakuichagua.

Kijana wa Afrika Mashariki anaweza kwenda kufanya kazi Norilsk?

Si kwa njia anayoitumia Mtajiki. *Patent* hutolewa kwa raia wa nchi zisizohitaji viza, na Kenya na Tanzania hazimo. Atahitaji mwajiri aliyemwombea kibali cha kazi, viza ya kazi yenye jina la mwajiri huyo, na juu yake kibali cha kuingia mji uliofungwa kwa wageni. Wakala anayemwahidi kwamba ataingia kwa viza ya utalii kisha "mambo yatarekebishwa hukohuko" anampeleka kuvunja sheria, na faini pamoja na kufukuzwa nchini vitamwangukia yeye aliyesafiri.